Falaki Yetu Isiishie Kwenye Hilali



Jioni ya tarehe 29 Shaabani iliyopita, mwezi wa Februari, tulikuwa ufukweni pamoja na wanafunzi wa madrasa kuangalia mwezi, kama ilivyo desturi yetu kila mwaka. Wengi mnakumbuka ilivyokuwa. Watu wamejipanga mchangani, kila mmoja ananyosha kidole upande wake, na wenye simu wanapokea habari za miji mingine kabla hata jua halijazama vizuri. Baada ya Magharibi shughuli ikapoa, watu wakaanza kuondoka. Sisi tulichelewa kwa sababu gari lililotuleta liligoma kuwaka. Ilipofika kama saa mbili usiku giza lilikuwa limekolea, na hapo mtoto mmoja wa darasa la tatu akanyosha kidole upande wa kusini na kuuliza: "Ustadhi, kile ni kitu gani?"

Mmoja wetu alitazama, akamjibu haraka kwamba ni wingu tu, na kwamba dereva anatungoja. Mtoto hakuridhika. Akasema: "Wingu gani hilo halisogei na kaskazi yote hii?"

Tuseme kweli, hakuna aliyemjibu. Tulikuwa watu wazima watano pale, wote tumesoma, na wawili kati yetu ndio tunaosomesha falaki hapa madrasani. Tulijua kuhesabu umri wa hilali kwa saa na dakika. Lakini kile kidoa cheupe kilichokuwa mbele ya macho yetu hatukukijua, na badala ya kusema hatujui, tukasema wingu.

Mtoto yule alikuwa na haki. Alichokiona si wingu la mvua. Ni galaksi, nayo huitwa Wingu Kubwa la Magellan, kwa jina la baharia Mreno aliyepita bahari za kusini katika safari iliyoanza mwaka 1519. Wakaazi wa kusini mwa dunia walikuwa wakiliona tangu zamani, bila ya kumngoja Mreno. Karibu yake kuna jingine dogo, Wingu Dogo la Magellan. Ni mabilioni ya nyota, ziko mbali mno hata jicho haliwezi kuzitenganisha, kwa hiyo tunaona weupe tu kama moshi uliosimama. Nuru iliyoingia jichoni mwa mtoto yule usiku ule ilianza safari yake miaka kama 160,000 iliyopita.

Basi makala haya tunayaandika kwanza kumjibu yeye, na pili kutoa rai yetu juu ya somo la falaki linavyosomeshwa hapa kwetu.

Tuelewane maneno kwanza. Neno galaksi asili yake ni Kigiriki na maana yake inatokana na maziwa, kwa sababu Wagiriki wa kale waliona ule ukanda mweupe unaokatiza mbingu wakaufananisha na maziwa. Waarabu waliuita Darb at-Tabbana, njia ya wabeba majani makavu, kana kwamba watu wamepita na mizigo yao na makapi yakadondoka njia nzima. Kwa Kiarabu cha leo galaksi ni majarra, na wanafunzi wetu wa madarasa ya juu watalikuta neno hilo katika kamusi zao. Kwa Kiswahili ukanda wenyewe huitwa Njia Nyeupe.

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa sana wa nyota, gesi na vumbi, pamoja na maada nyingine isiyoonekana, vyote vimeshikana kwa nguvu ya uvutano na vinazunguka pamoja. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi ya Njia Nyeupe. Nyota za galaksi hii zinakadiriwa kuwa kati ya bilioni 100 na bilioni 400. Mtu asishangae kwa nini makadirio yanapishana hivyo. Sisi tumo ndani yake, na aliyesimama katikati ya msitu hawezi kuhesabu miti yote. Upana wake ni kiasi cha miaka ya nuru 100,000, na Jua liko umbali wa miaka ya nuru kama 26,000 kutoka kitovuni. Kuzunguka kitovu hicho mara moja huchukua zaidi ya miaka milioni 200. Kitovuni kwenyewe kuna shimo jeusi lenye uzito wa majua kama milioni nne, na picha yake ilitangazwa tarehe 12 Mei 2022.

Mwaka wa nuru si muda, ni umbali. Nuru hukimbia kiasi cha kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka mwezini kuja kwetu huchukua sekunde moja na kidogo. Kutoka kwenye Jua, dakika nane. Ikisafiri mwaka mzima hukata kilometa karibu trilioni 9.5, na huo ndio mwaka mmoja wa nuru. Kwa hiyo hilali tunayoisubiri kwa shauku ni jirani wa ukuta kwa ukuta.

Nyota zote unazoweza kuziona mojamoja kwa jicho tupu ni za galaksi yetu hii hii. Kilimia, kinachotegemewa na wakulima, kimo ndani. Zile nyota ambazo dunia nzima inaziita kwa majina ya Kiarabu, Aldebaran kutoka ad-Dabaran, Rigel kutoka rijl yaani mguu, Fomalhaut kutoka fam al-hut yaani mdomo wa samaki, zote zimo ndani. Hapa tunajiuliza jambo moja. Mwanafunzi wetu anajua mguu kwa Kiarabu tangu akiwa na miaka saba, lakini akiambiwa amwonyeshe mgeni nyota ya Rijl, hajui atazame wapi.

Sasa tuje kwenye aina zake. Mwaka 1926 mtaalamu wa Marekani, Edwin Hubble, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Mount Wilson, California, alizigawa galaksi kwa maumbo yake. Baadaye aliuchora mgao wake kwa mfano ambao kwa watoto wetu ni rahisi kuufahamu, kwani unafanana na manati iliyolazwa. Kwenye mpini wa manati aliweka galaksi za duaradufu. Hizi hazina mikono wala mapambo. Nyingine ni mviringo kama chungwa, nyingine zimerefuka kama kokwa ya tende, na Hubble alizipa namba kuanzia 0 kwa ile ya mviringo kabisa hadi 7 kwa iliyorefuka zaidi. Nyota zake nyingi ni za zamani, rangi yake inaelekea wekundu, na gesi ya kuzalia nyota mpya imebaki kidogo sana. Mfano maarufu ni M87, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 55. Hiyo ndiyo galaksi ambayo shimo jeusi lake lilipigwa picha ya kwanza kabisa ya aina hiyo, ikatangazwa tarehe 10 Aprili 2019.

Kwenye mapanda mawili ya manati aliweka galaksi za msokoto. Hizi ndizo zinazopendwa kutiwa kwenye kalenda. Zina kitovu kilichovimba na mikono iliyojisokota kukizunguka, kama kombe la konokono ukilitazama kutoka juu. Katika mikono hiyo kuna gesi na vumbi tele, na nyota mpya zinaendelea kuzaliwa, ndiyo maana mikono inang'aa kwa rangi ya samawati. Panda moja ni za msokoto za kawaida. Panda la pili ni zile zenye upau, yaani mstari mnene wa nyota unaokata kitovu upande hadi upande kama upau wa paa, na mikono inaanzia kwenye ncha za upau huo. Njia Nyeupe yetu ni ya kundi hili la pili.

Pale mpini unapokutana na mapanda kuna galaksi za umbo la adesi. Ni bapa kama za msokoto, lakini mikono hazina. Na zile zisizo na umbo maalumu hazikupata nafasi kwenye manati, zikawekwa pembeni. Mawingu ya Magellan tuliyoyataja huhesabiwa humo, ingawa lile kubwa lina dalili za upau, na wapo wanaoona kwamba lilikuwa na msokoto kabla ya kuvurugwa na jirani zake wakubwa. Zipo pia galaksi ndogo sana, na kwa idadi hizi ndizo nyingi kuliko zote, lakini kwa kuwa hazing'ai hazipati wa kuzisimulia.

Wengi wakiuona mchoro ule hudhani ni ngazi ya umri, kwamba galaksi huanza mpinini ikiwa ya mviringo kisha ikakua mikono. Sivyo. Wataalamu wa leo wanaona kwamba galaksi nyingi kubwa za duaradufu zilitokana na galaksi nyingine kugongana na kuungana, mikono ikavunjika na mpangilio ukapotea. Tunalisema hili kwa sababu katika kitabu kimoja kinachotumika na vijana wetu tumeliona limeandikwa kinyume.

Hebu sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 964 hivi, Abdur-Rahman as-Sufi, mzaliwa wa Rayy aliyefanya kazi Isfahan, alikamilisha kitabu chake cha nyota, Suwar al-Kawakib. Kila kundi la nyota alilichora mara mbili, moja kama linavyoonekana mbinguni na moja kama litakavyoonekana kwenye tufe. Katika kundi la al-Mar'a al-Musalsala, mwanamke wa minyororo, alitaja kiwingu kidogo. Kiwingu hicho ndicho kinachoitwa leo galaksi ya Andromeda, na maandishi yake ndiyo ya zamani zaidi yanayojulikana juu yake. Hakuwa na darubini, maana darubini ilikuja zaidi ya miaka 600 baada yake. Alikuwa na jicho, giza safi na subira. Naye alipokiona asichokijua hakukipita, alikiandika mahali kilipo. Tofauti yetu na yeye usiku ule wa Shaabani ndiyo hiyo, na inatuuma.

Al-Biruni naye, aliyeishi kati ya mwaka 973 na 1048, alisema Njia Nyeupe ni mkusanyiko wa nyota nyingi mno zenye sura ya mawingu. Galileo alipoielekezea darubini mwaka 1610 aliona nyota kweli.

Lakini kwamba viwingu kama kile cha as-Sufi viko nje kabisa ya Njia Nyeupe, hilo lilikuja kujulikana jana tu. Hata tarehe 26 Aprili 1920, wanazuoni wawili wa Marekani, Harlow Shapley na Heber Curtis, walikutana Washington kubishana mbele ya wenzao. Shapley aliamini kwamba Njia Nyeupe ni kubwa sana na viwingu vile vimo katika himaya yake. Curtis aliamini kwamba kila kiwingu cha msokoto ni galaksi kamili inayojitegemea. Hawakumaliza ubishi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kipimo cha kutegemewa cha kupima umbali wa viwingu vyenyewe.

Ufunguo ulikuwa umekwisha kupatikana, na hapa tunaomba wanafunzi wetu wa kike wasome taratibu. Aliyeupata alikuwa mwanamke aliyepungukiwa na uwezo wa kusikia, Henrietta Leavitt. Kazi yake katika kituo cha Harvard ilikuwa kukaa siku nzima akipima nyota kwenye picha za vioo. Picha zenyewe zilikuwa za Mawingu ya Magellan, zimepigwa Peru, kwa sababu kutoka Marekani ya kaskazini mawingu hayo hayaonekani. Leavitt alifuatilia nyota ambazo hung'aa na kufifia kwa zamu isiyobadilika. Mwaka 1912 alitoa matokeo ya nyota 25 za namna hiyo katika Wingu Dogo, akaonyesha kwamba zile zinazochukua siku nyingi kukamilisha zamu yake ndizo zenye mwanga mkubwa zaidi.

Umuhimu wake ni huu. Tuchukue mfano wa wavuvi wetu wa dagaa na karabai zao. Ukiwa pwani usiku unaona taa baharini, lakini hujui kama ni taa ndogo iliyo karibu au kubwa iliyo mbali. Ukishajua kwamba taa ile ni karabai, na ukajua karabai hutoa mwanga kiasi gani, basi kwa kuangalia tu ilivyofifia unaweza kukisia chombo kiko umbali gani. Leavitt alitufundisha kuzitambua karabai za mbinguni. Mwaka 1923 Hubble aliipata nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda. Akapiga hesabu na kupata umbali wa miaka ya nuru karibu 900,000, mbali kabisa nje ya Njia Nyeupe. Tarehe 1 Januari 1925 matokeo yake yalisomwa mbele ya wataalamu, na ubishi ukaisha. Leavitt alikuwa amefariki tangu mwaka 1921.

Mawingu aliyoyatumia Leavitt ndiyo yale yale aliyoyaonyesha mtoto wetu kwa kidole. Wao ilibidi wapeleke vyombo Peru. Sisi tunatoka nje tu.

Na hii pwani yetu haikuachwa nyuma katika elimu hii, ingawa wengi hawana habari. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei ya mbinguni. Siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kwa hiyo kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Chombo hicho kiligundua kwamba katika makundi makubwa ya galaksi, katikati ya galaksi na galaksi, kuna gesi yenye joto kali mno inayotoa eksirei. Jina letu limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima, na vijana wa Malindi wa leo wengi ukiwauliza watakuambia hawajasikia.

Sasa rai yetu. Hapa madrasani falaki inasomeshwa katika mambo matatu, nayo ni mwezi mwandamo, nyakati za sala na kibla. Hatusemi yapunguzwe. Tunasema mwanafunzi anayetazama juu kutafuta hilali aruhusiwe kuuliza juu ya vingine anavyoviona, na apate jibu. Tulipolileta jambo hili kwenye kikao cha walimu tulipata pingamizi za namna mbili.

Ya kwanza ni ya muda. Mzee wetu mmoja tunayemheshimu alisema watoto asubuhi wako skuli, jioni wako hapa, usiku wana hifdhi, na sisi tunataka kuwaongezea hesabu za nyota. Hoja hii ina uzito na hatuibezi. Ndiyo maana hatuombi kipindi kipya wala mtihani. Tunaomba usiku mmoja kwa muhula.

Ya pili ilikuwa ya hofu, kwamba elimu hii itawatia watoto shaka. Kwa maoni yetu hatari iko kwingine, tena kwa watu wanaoipenda elimu hii kupita kiasi. Kila kukicha kuna picha inazunguka kwenye simu, galaksi yenye umbo la herufi fulani au nyota iliyoandika neno fulani, na chini yake maelezo kwamba sayansi imethibitisha jambo la dini. Picha nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwenye kompyuta. Mtoto anaamini, anasambaza, kisha siku moja anaambiwa na mwenzake wa skuli kwamba ilikuwa ya uongo. Hapo ndipo shaka inapoingia.

Hata zile zilizo kweli, namba zake hubadilika. Hubble alisema 900,000, na leo umbali wa Andromeda tunaambiwa ni kiasi cha miaka ya nuru milioni 2.5, kwa sababu baadaye iligundulika kwamba karabai zile ni za namna mbili na Hubble alikuwa amezichanganya. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba Andromeda na Njia Nyeupe zitagongana baada ya miaka bilioni nne, bila shaka yoyote. Baadhi ya wahubiri wakalichukua hilo mimbarini. Mwaka 2025 wataalamu wakapima upya na kusema kwamba katika miaka bilioni 10 ijayo kugongana na kutogongana ni nusu kwa nusu. Idadi ya galaksi zote nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2016 ilikadiriwa kuwa trilioni mbili, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vikaielekeza kwenye mamia ya mabilioni. Aliyezijengea hoja zake za dini juu ya namba ya 2016 sasa afanye nini? Sisi tunasomesha kwamba kazi ya mtaalamu wa falaki ni kupima, kukosea na kupima tena. Mtoto akilijua hilo mapema hatatetereka namba ikibadilika.

Kitu kisichobadilika ni kile alichokiona kwa jicho lake mwenyewe. Hapo tunakuja kwenye jambo lililotufanya tuandike kwa uchungu, nalo ni taa.

Miaka michache nyuma mfadhili mmoja, Allah amlipe kheri, alituwekea taa sita kubwa za uwanjani. Tulishukuru na tunashukuru. Kabla yake, miezi ya kusi, Julai na Agosti, mtu akikaa barazani baada ya Isha alikuwa akiiona Njia Nyeupe juu ya paa, nene na yenye mabaka meusi ya vumbi, kwa sababu miezi hiyo ndipo kitovu cha galaksi kinapopita juu yetu. Leo ukikaa baraza ile ile unaona nyota kama ishirini. Wanafunzi walioingia baada ya taa hizo hawajawahi kuiona Njia Nyeupe wakiwa hapa, na wengine wanadhani ni kitu cha vitabuni tu. Tumeona picha ya mwaka 2004 iliyopigwa na darubini ya angani ya Hubble, ambapo kipande cha mbingu chenye upana wa kama sehemu ya kumi ya mwezi mpevu kilikutwa na galaksi karibu 10,000, tukaistaajabia kwenye kompyuta ya ofisini, kisha tukatoka nje na kuwasha taa zetu sita zinazomulika juu.

Tunajua kwa nini zinawaka hadi alfajiri. Pampu ya maji iliwahi kuibwa, na mlinzi ni mmoja. Hatusemi zizimwe zote. Tunachosema ni kwamba nne kati ya hizo zinamulika minazi na mawingu, hazimuliki ukuta anaopanda mwizi. Zikiinamishwa zitazame chini, zikavalishwa kofia za bati, na zile mbili za upande wa bahari zikazimwa saa nne usiku, mlinzi ataona vizuri zaidi, bili ya umeme itapungua na mbingu itarudi japo nusu. Fundi amekwisha kuangalia na kusema ni kazi ya siku moja. Barua yetu iko kwa kamati tangu mwezi wa Mfungo Sita na bado tunangoja jibu.

Wakati tunangoja, tumepanga safari. Itakuwa Disemba, skuli zikiwa zimefungwa, usiku wa mwezi giza, katika ufukwe ule ule. Tumechagua Disemba kwa sababu ikifika saa mbili usiku mtu akitazama kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini, atakiona kiwingu cha as-Sufi, yaani Andromeda, iliyo mbali kuliko vyote ambavyo watu wengi huweza kuviona kwa jicho tupu. Akigeuka kusini atakuta Wingu Dogo la Leavitt, na lile kubwa likiwa linapanda kutoka kusini mashariki. Galaksi tatu za nje na ya kwetu, kwa kugeuza shingo tu. Wa Ulaya hawapati hivyo, maana mawingu yale ya kusini hayawatokei kabisa.

Wazazi waliouliza juu ya wasichana tunawajibu kwamba walimu wa kike watatu watakuwepo na gari litawarudisha watoto hadi milangoni kabla ya saa nne. Darubini ya mkononi tunayo moja, ya kuazima kwa nahodha mmoja, na tutaitumia kwa zamu. Mvua za vuli zikichelewa kwisha tutaahirisha hadi mwezi giza wa Januari.

Majina yaandikishwe kwa mwalimu wa zamu. Mtoto yule wa darasa la tatu, ambaye sasa yuko la nne, jina lake tumekwisha kuliandika la kwanza. Kila mmoja aje na shuka, maana usiku pwani kuna upepo, pamoja na daftari na penseli. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza, kwa hiyo tochi ziachwe nyumbani, na simu zitakusanywa garini, zikiwemo za walimu.